Baiskeli iwe ya bure, mwenye duka alipwe

Anayetaka kujua Nairobi husafiri vipi asisimame kwenye steji ya matatu. Asimame Lusaka Road au Enterprise Road kabla jua halijachomoza, awatazame vibarua wakiingia Industrial Area kwa miguu, wengine kutoka Mukuru hapo karibu, wengine kutoka Kibera wakifuata reli. Tafiti za usafiri za jiji hili zimerudia jambo moja kwa miaka mingi: takriban safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu, na za baiskeli ni asilimia moja au mbili tu. Tusisingizie milima. Sehemu kubwa ya Eastlands ni tambarare, na mtoto wa gredi ya nne anaweza kutoka Donholm hadi Umoja bila kushuka kwenye baiskeli. Wala baiskeli si adimu, maana za mtumba zimejaa soko la Gikomba. Shida ni kwamba mtu anayehesabu nauli ya kesho hana elfu kumi za kuweka kwenye baiskeli leo, na hata akiipata hana pa kuilaza, kwa sababu anaishi chumba kimoja ghorofa ya tano na ngazi zenyewe watu wawili hawapishani.

Ndiyo maana wazo la baiskeli za mtaa linanivutia. Baiskeli chache ziwekwe kwenye maduka ya mtaani, mkazi aazime bila malipo, atumie, arudishe. Hakuna programu ya simu, hakuna kituo cha chuma chenye taa, hakuna tenda ya kugombaniwa City Hall. Naliunga mkono wazo hili, ila nina sharti moja ambalo wapenzi wake hulipita mbio: bure iishie kwa anayepanda. Mwenye duka alipwe, fundi alipwe, na malipo hayo yapangwe kabla baiskeli ya kwanza haijapakwa rangi.

Jambo lenyewe si geni kama linavyosikika. Waliokulia Buruburu, Umoja au Kariobangi South wanamkumbuka kijana wa baiskeli za kukodi wakati wa likizo. Alizipanga kando ya ukuta, akadai shilingi tano kwa dakika kumi, na muda aliupima kwa saa yake mwenyewe ambayo kila mtoto aliishuku. Biashara ile iliendelea miaka na miaka bila mkataba wala kamera. Kijana alishinda pale siku nzima. Yeye ndiye aliyekodisha, yeye ndiye aliyeziba panchari, na alijua kila mtoto ni wa nyumba gani. Baiskeli ikichelewa hakupiga simu kwa mtu. Alienda kwa mama mwenyewe, akasimama mlangoni na pampu mkononi. Riziki yake ilikuwa imefungwa kwenye zile fremu, na hilo ndilo lililozilinda.

Ulaya walianza kwa kumwondoa mtu huyo. Julai 1965 kikundi cha vijana wa Amsterdam kilichoitwa Provo kilipaka baiskeli chache rangi nyeupe na kuziacha mitaani bila kufuli: yeyote achukue, aende aendako, amwachie mwingine. Mwenye wazo alikuwa Luud Schimmelpennink. Kabla wezi hawajazifikia, polisi walizichukua, kwa kuwa sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufuli. Mwaka 1974 mji wa La Rochelle, Ufaransa, ulitoa baiskeli za manjano za bure, na mpango ule uliishi kwa sababu manispaa yenyewe iliubeba. Cambridge, Uingereza, ikajaribu mwaka 1993 kwa baiskeli za kijani zilizoachwa wazi kwa kila mtu. Zikaibwa upesi na mradi ukafa. Miaka miwili baadaye Copenhagen ikaongeza kitu kidogo tu: ili kuitoa baiskeli kwenye kigingi chake ulitumbukiza sarafu ya kroner 20, na ukiirudisha sarafu yako inatoka. Mpango huo ulidumu hadi 2012.

Kisha zikaja kampuni za baiskeli zinazokodiwa kwa simu ya mkononi, zikidhani mtandao utafanya kazi ya mlinzi. Gobee.bike ilifunga shughuli zake Ufaransa Februari 2018, miezi michache tu baada ya kufungua, ikilia kwamba baiskeli zake zinavunjwa na kuibwa. Mobike ikaondoka Manchester Septemba mwaka huo huo kwa malalamiko kama hayo. Hayo ni majiji yenye kamera kila kona na polisi wanaofika wakiitwa.

Mkenya akisikia visa hivi husema haraka: kama kule ziliibwa, hapa si zitafika Gikomba kabla ya saa sita? Swali hilo hujifanya la kujua maisha, lakini halichambui kitu. Tazama kilichotenganisha Cambridge na Copenhagen. Kroner 20 hazinunui hata gurudumu, kwa hiyo sarafu ile haikuwa kizuizi cha wizi. Ilichofanya ni kumpa kila mtu sababu ya kuirudisha baiskeli mahali pake, hata asiyeichukua yeye: mtoto akiikuta imetelekezwa alijua kuna sarafu ya kulipwa akiipeleka. Cambridge hapakuwa na mtu yeyote aliyepata chochote baiskeli iliporudi, wala aliyepoteza chochote ilipopotea.

Duka la mtaani lina jibu la swali hilo, na limekuwa nalo tangu zamani. Nyuma ya kaunta, labda chini ya katoni ya sabuni, kuna daftari la deni lenye majina ambayo hayamo kwenye kitambulisho chochote: Mama Brayo, Jirani wa juu, Fundi wa stima, Kevo wa Plot 14. Mwenye duka anajua Kevo hulipwa Jumamosi na anajua akichelewa ni kwa nini. Soda ya chupa je? Ukija bila chupa tupu unaacha pesa ya chupa. Anayekufahamu anakwambia nenda tu, utarudisha. Hapo amepima kwa sekunde moja kile ambacho Copenhagen ililazimika kukitengenezea kigingi.

Kwa hiyo nisingeita mpango huu wa kushirikiana baiskeli. Ni mpango wa kukopesha, na mkopeshaji ni mtu mwenye jina na kaunta. Baiskeli itoke duka hili na irudi duka hili hili. Wale wanaotaka uichukue Umoja na kuiacha Donholm wanarudisha tatizo la Cambridge kwa mlango wa nyuma, maana ikishaachwa kwingine hakuna anayejua ni ya nani kuitafuta. Na ninaposema mtaa, nina maana ya mtaa kweli: eneo ambalo mwenye duka anaweza kutuma mtoto akaulize.

Hapo pana ubaya wake, na tusiufunike. Daftari la deni lina upendeleo. Aliyehamia juzi hamo, msichana wa kazi hamo, na kijana ambaye mwenye duka hapendi nywele zake hamo. Pipeline, ambako maghorofa yamebanana hadi jua halifiki chini na wapangaji huhama kila baada ya miezi michache, mwenye duka hajui hata nusu ya wanunuzi wake. Mpango huu hautafanya kazi Pipeline kama utakavyofanya Umoja One au Buruburu. Ningeanza pale watu wanapofahamiana, kisha kwa wageni nitumie njia ambayo vyama vyetu vya kuweka akiba hutumia: mtu aliyemo kwenye daftari anakudhamini. Kuna miradi mingi iliyokufa hapa kwa kuanzia mahali pagumu zaidi ili picha ya uzinduzi ipendeze.

Sasa turudi kwa pesa, maana hapa ndipo wazo linapofia.

Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza, kilichoifikisha kila kona hakikuwa simu. Kilikuwa kaunta. Maelfu ya maduka, kinyozi, duka la dawa, kibanda cha vocha, yalikubali kuwa mawakala kwa sababu kila muamala ulileta kamisheni, ndogo, lakini ilikuja kila mwezi. Na juu yake mteja aliyekuja kutoa pesa aliondoka na mkate. Hakuna aliyeombwa awe wakala kwa upendo wa jirani. Wenye miradi ya jamii hupenda kusema wenye maduka watajitolea kwa kuwa baiskeli zitawaletea wateja. Zitawaletea, ndiyo, lakini zitawaletea pia mtu wa saa tatu usiku anayegonga dirisha la vyuma kuuliza pampu, mzozo wa nani aliyepinda pedali, na grisi kwenye gunia la mchele. Mwezi wa kwanza mwenye duka atavumilia. Mwezi wa tatu baiskeli yenye panchari itakaa nyuma ya friji, na ukiuliza utaambiwa imetoka.

Tupige hesabu kwa nambari za kukadiria tu. Tuseme maduka matano, kila moja na baiskeli nne, jumla 20. Baiskeli nzuri ya mtumba tuiweke shilingi 10,000, basi mtaji ni 200,000, kiasi ambacho chama cha wastani au kanisa moja la mtaa linaweza kukusanya. Mtaji si tatizo. Mtaji daima hupata mfadhili na kamera. Tatizo ni kila mwezi. Matengenezo, yaani tyubu, waya za breki, mipira ya breki, mnyororo, pamoja na mkono wa fundi, tuyaweke 500 kwa baiskeli: 10,000. Mwenye duka tumpe 300 kwa kila baiskeli anayoitunza: 6,000 kwa maduka yote. Kisha tukubali mapema kwamba baiskeli moja kati ya tano itapotea au kufa kila mwaka. Kuzibadilisha ni 40,000 kwa mwaka, kama 3,300 kwa mwezi. Jumla inakaribia 19,300 kwa mwezi. Gawanya kwa baiskeli, kisha kwa siku: shilingi 32 hivi kwa baiskeli moja kwa siku. Ikiazimwa mara tatu kwa siku, kila safari imegharimu shilingi 11. Boda ya karibu kabisa ni hamsini.

Nambari hizo zaweza kubishaniwa. Fundi wako anaweza kuwa ghali kuliko wangu. Lakini sura ya hesabu haitabadilika sana: wizi, ambao ndio kila mtu anauogopa, ni sehemu ndogo kuliko zote kwenye bajeti, na matengenezo ndiyo makubwa kuliko yote. Mpango ukifa, haitakuwa kwa sababu ya jambazi. Utakuwa umekufa kwa waya za breki.

Halafu nitaulizwa: kama gharama ni shilingi 11, kwa nini msitoze kumi na kumaliza maneno? Swali zuri, na nimelifikiria kuliko mengine. Ukishatoza, umegeuza baiskeli kuwa bidhaa, na mwenye duka atafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote timamu angefanya. Ataikodisha siku nzima kwa yule anayepeleka mikate, kwa sababu huyo analipa zaidi na hasumbui. Mama anayetaka kwenda zahanati na kurudi ataambiwa hakuna baiskeli. Pia utakuwa umefungua biashara mpya ndani ya biashara, na leseni ya kaunti itaulizwa, na vijana wa bodaboda kwenye steji watakuona mshindani badala ya jirani. Bure humfunga mwenye duka asiuze foleni. Na humfanya mwazimaji aone aibu kuirudisha imevunjika. Anayelipa kumi huona ameshalipia haki ya kuivunja.

Basi pesa zitoke kando. Muuza jumla wa unga au maziwa anayelipia kupaka ukuta wa duka rangi zake anaweza kulipia fremu nne. Wakazi wanaoweza wachange mia moja kwa mwezi, kwa hiari, bila mchango huo kumpa mtu nafasi ya mbele. Watu chini ya mia mbili wanatosha kubeba hesabu niliyoandika hapo juu. Kile ambacho nisingekitegemea ni ruzuku ya mwaka mmoja kutoka nje. Huja na ripoti, huondoka na ripoti, na mwenye duka hubaki na baiskeli zenye nembo ya shirika ambalo halipokei tena simu.

Si kila duka linafaa. Duka la kawaida la Eastlands lina dirisha la vyuma, mteja haingii ndani, na nafasi iliyobaki ni ya mwenye duka kugeuka. Baiskeli nne usiku zitalala wapi? Juu ya kreti? Hardware ni bora kwa nafasi, ina minyororo, ina spana, mwenyewe haogopi grisi. Lakini hufunga jioni mapema. Wauzaji wa gesi wana uzio wa vyuma nje na wamezoea kurekodi mitungi inayotoka na kurudi. Kinyozi ana kitu ambacho wengine hawana: watu wanaokaa bila kazi mlangoni tangu asubuhi, macho yakiwa barabarani. Ningechanganya, hardware au gesi kwa kulaza baiskeli, duka la vyakula kwa funguo na daftari, kwa sababu hilo ndilo linalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Wakiwa majirani wa ukuta mmoja, ni rahisi.

Saa zenyewe zinanirudisha kwa wale wa Lusaka Road. Mipango maarufu duniani imejengwa juu ya safari fupi: Vélib' ya Paris ilipozinduliwa 2007 ilimpa mwanachama nusu saa ya kwanza bure na kumtoza akizidisha, ili baiskeli izunguke kwa watu wengi. Tukiiga hilo tutapata mpango wa kupeleka watoto dukani. Kibarua anaondoka nyumbani kabla duka halijafunguliwa na anarudi jua limezama. Yeye ndiye anayetembea mbali kuliko wote, na ndiye ambaye nauli humla zaidi. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi Septemba 2023 nauli zilipanda nayo, na ilipoteremka makanga wengi walijifanya hawakusikia habari. Kwa mtu huyu baiskeli inafaa itoke jioni na irudi jioni ya kesho. Hiyo inaharibu hesabu yangu ya safari tatu kwa siku, najua. Itafanya safari mbili, ndefu. Ningetenga nusu ya baiskeli kwa mkopo wa usiku, na nusu ibaki kwa shughuli za mchana, kisha niangalie zipi zinagombaniwa. Dau langu liko kwa za usiku. Zina faida nyingine pia: baiskeli iliyolala kwa mwazimaji haihitaji nafasi dukani, ingawa ile ngazi ya ghorofa ya tano bado ipo, na hapo mwenye ploti atalazimika kuombwa kona chini ya ngazi.

Baiskeli yenyewe ni ya aina gani? Hapa kuna mvutano wa kweli. Copenhagen walitengeneza baiskeli zenye vipuri visivyoingia kwenye baiskeli nyingine yoyote, ili mwizi asiwe na soko. Ni hila nzuri pale ambapo mji una karakana yake. Kwetu ingemfunga mikono fundi wa kona, ambaye utajiri wake ni sanduku la nati za mtumba na tairi kuukuu. Nachagua vipuri vya kawaida kabisa, vinavyopatikana popote, na ulinzi uwe kwenye sura: fremu yote rangi moja ya kuchusha, sema zambarau, namba kubwa iliyochomelewa kwa welding na si stika, na keria nzito iliyochomelewa kwenye fremu na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Baiskeli ya namna hiyo inaweza kuuzwa, lakini muuzaji atapata kazi kuieleza.

Keria si pambo. Ukiangalia nani anatumia baiskeli Eastlands leo, wengi wamebeba kitu: maji, mkate, magazeti, kreti ya mayai, mtungi wa gesi. Hivi bodaboda zenyewe zilianza kwa baiskeli za mizigo na abiria mpakani Busia. Baiskeli ya michezo yenye gia 21 na isiyo na keria itapendwa na vijana Jumapili na kuachwa Jumatatu. Na angalau nusu ziwe za kike, zile za fremu iliyoshuka, kwa sababu mwanamke aliyevaa dera au sketi hawezi kurusha mguu juu ya bomba mbele ya steji nzima ya wanaume wenye maoni. Wanawake kwenye baiskeli hapa ni wachache mno, na maoni hayo ni sehemu ya sababu. Lakini mama mboga anayeenda soko la Mutindwa mara mbili kwa siku ana safari ambayo baiskeli ilitengenezewa. Akiwa wa kwanza kupewa funguo, wengine watafuata upesi kuliko kwa semina yoyote.

Kuhusu dhamana, kosa ambalo kila mtu atakimbilia ni kushikilia kitambulisho. Tafadhali tusifanye hivyo. Mtu anayetembea Nairobi bila kitambulisho anaweza kulala ndani akikutana na polisi wa jioni, na mwenye duka atajikuta na droo ya vitambulisho vya watu, na lawama kimoja kikipotea. Kuandika namba na kunakili kadi nako kunaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mzigo ambao duka la sukari halina haja nao. Jina, nyumba, mdhamini, sahihi kwenye daftari. Watoto waazimiwe na mzazi. Bima ya lazima chini ya Sura 405 ya sheria za Kenya inahusu magari ya injini na baiskeli haimo, kwa hiyo ni vyema kila mwazimaji aelezwe kabla hajapanda kwamba akimgonga mtu ni juu yake, na breki zijaribiwe mbele yake pale pale kaunta.

Vijana wa boda walioko steji waingizwe mapema. Wana pampu, wana spana, wanaona kila kinachopita, na baiskeli ya zambarau ikiwa inaelekea Kangundo Road saa sita usiku bila mtu wanayemjua, wao ndio watakaoiona. Mmoja wao aliyechoka na pikipiki ya tajiri anaweza kuwa fundi wa mpango. Hilo lina uzito kuliko kifaa chochote cha kufuatilia baiskeli kwa setilaiti.

Barabara ni mada ya makala nyingine, nitaigusa tu. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa njia za miguu na baiskeli. Anayepita Mombasa Road chini ya Expressway iliyofunguliwa 2022 ajihukumie mwenyewe ahadi hiyo ilifika wapi. Ndiyo maana ningeweka maduka matano ya kwanza mahali ambapo safari nyingi zinawezekana kwa barabara za ndani, Umoja, Buruburu, Donholm, hadi stesheni ya treni Makadara, bila kulazimika kuingia Jogoo Road saa ya msongamano. Kigali ilizindua baiskeli zake za umma mwaka 2021, na sisi hupenda kuitaja Kigali kila tunapotaka kujidharau. Lakini kule serikali ya jiji ilianza na njia. Sisi tutaanza na duka, na tuchague duka kulingana na njia tuliyo nayo.

Wengine wanataka Kaunti iombwe pesa. Mimi ningeomba karatasi. Barua moja yenye mhuri, nakala yake ibandikwe kila duka, inayosema kwamba baiskeli zilizofungwa kwenye veranda hii zimesajiliwa kwenye mpango wa mtaa, si bidhaa zilizowekwa kwenye njia ya umma, na kanjo, askari wa kaunti, asizipakie kwenye lori. Ombi hilo halina bajeti ya kusubiri mwaka mpya wa fedha, na mwakilishi wa wadi anayelitaka jina lake kwenye jambo hili anaweza kulifuatilia wiki ijayo. Akishindwa kuipata hata hiyo, baiskeli zisinunuliwe kwanza.